Sarafu tano kutoka Guangzhou: kuzisoma, kuzipima na kuanza ukusanyaji wa sarafu za kale za China

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo na huenda Guangzhou kufuata bidhaa. Safari iliyopita nilinunua sarafu tano kwa muuza vitu vya kale. Aliniambia moja ni ya nasaba ya Tang, moja ya Song, moja ya Qing; ya nne hakunieleza, na ya tano ina umbo la kisu chenye kichwa cha mviringo na herufi mbili za rangi ya dhahabu. Nimezipima kwa sonara na picha nimeziambatisha. Je, ni za kweli? Zina historia gani? Na mtu anayetaka kuanza kukusanya sarafu za China kwa uangalifu aanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuzipima sarafu zako kabla ya kuuliza, kwa kuwa uzito na kipenyo hueleza mambo ambayo picha peke yake haiwezi kuyaeleza. Nianze na jibu lenyewe. Kisu ni cha kuiga, kimetengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa siku hizi. Sarafu nne za duara, kwa kadiri picha zinavyoonyesha, hazina dalili ya wazi ya kughushiwa. Tatu ni za China kweli, na ile ambayo muuzaji hakukueleza chochote ni ya Japani. Hakuna hata moja yenye bei kubwa sokoni, lakini hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu katika fani hii sarafu za kawaida ndizo zinazofundisha, na mtu asiyezizoea hizo hawezi kuitambua iliyo adimu hata akiwekewa kiganjani.

Kabla ya kuzieleza moja moja, kuna jambo la msingi ambalo ningependa ulishike, kwa kuwa ndilo linalozifanya sarafu hizi zisomeke kama historia: karibu miaka elfu mbili ya sarafu ya shaba ya China ni mvutano kati ya uzito wa madini na maneno yaliyoandikwa juu yake. Dola huandika thamani, mwananchi hushika mizani, na sarafu iliyobaki hadi leo ni ushahidi wa nani alishinda katika mwaka ule.

Mvutano huo ulianza mapema. Kabla ya China kuwa dola moja, kila nchi ilikuwa na fedha yake: maeneo ya kati yalitumia shaba iliyosubiwa, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa umbo la sepeto, Qi na Yan zilitumia visu, na Chu upande wa kusini ilitumia vipande vidogo vya shaba vilivyoigiza kauri za baharini. Mwaka 221 KK mfalme wa Qin alipokamilisha kuziteka dola zote hizo, aliieneza sarafu ya nchi yake, ya duara na yenye tundu la mraba, iliyoandikwa banliang, yaani nusu ya liang. Liang moja ilikuwa na zhu 24, hivyo sarafu ilidai kuwa na uzito wa zhu 12. Nasaba ya Han iliyofuata iliirithi sarafu hiyo, ikayaacha maneno yalivyo na kuushusha uzito: zhu 8 mwaka 186 KK, kisha zhu 4 mwaka 175 KK. Mwaka huo huo wa 175 mfalme Wen aliruhusu watu binafsi kusubu sarafu, na mwana wa ukoo wa kifalme Liu Bi, aliyetawala eneo la Wu lenye milima ya shaba, akatajirika kiasi cha kuweza kuongoza uasi mwaka 154 KK. Han ililipa gharama kubwa kujifunza kwamba mwenye kalibu ya sarafu ana nguvu za kisiasa mkononi.

Mfalme Wu wa Han ndiye aliyepata dawa. Mwaka 118 KK alitoa sarafu ya wuzhu, yaani zhu tano, ambayo maandishi na uzito wake vililingana, zaidi kidogo ya gramu 3, na akaizungushia ukingo ulioinuka ili mtu akiikwangua shaba ionekane mara moja. Mwaka 113 KK kazi yote ya kusubu ilihamishiwa kwenye karakana za serikali katika bustani ya kifalme ya Shanglin, karibu na mji mkuu Chang'an. Sarafu ya namna hiyo iliendelea kutolewa, kwa vipindi na kwa ubora tofauti, hadi mwaka 621 BK. Ukitaka kuona wingi wake, fikiria kaburi la mtawala wa Haihun karibu na Nanchang, lililoanza kufukuliwa mwaka 2011, ambamo zilikutwa wuzhu za uzito wa takriban tani 10, karibu milioni 2 kwa idadi. Mwenye kaburi, Liu He, alikuwa mfalme kwa siku 27 tu kabla ya kuondolewa, akafa mwaka 59 KK.

Sasa tuje kwenye kisu chako. Kinaiga sarafu ya Wang Mang, waziri aliyekuwa mlezi wa mfalme mtoto na mwishowe akajitwalia kiti cha enzi mwaka 9 BK. Mwaka 7 BK, kabla ya kutawazwa, alitoa sarafu nzito tatu kwa mpigo: ya duara yenye thamani ya wuzhu 50, kisu cha thamani ya 500, na kisu cha thamani ya 5,000 chenye herufi mbili zilizojazwa dhahabu. Pima mwenyewe ujasiri huo: sarafu ya 50 ilikuwa na uzito wa zhu 12, wakati wuzhu hamsini zingekuwa na zhu 250. Wakati huo huo aliwaagiza watu wakabidhi dhahabu yao serikalini. Wananchi walijua hesabu. Walificha wuzhu zao, wengine wakasubu sarafu nzito majumbani kwa faida kubwa, na adhabu zikaongezwa hadi jirani wa mghushi naye akawajibishwa. Baada ya kutawazwa aliviondoa visu, kwa kuwa herufi ya ukoo wa Liu, wafalme wa Han aliowapindua, ilikuwa na sehemu zenye maana ya dhahabu na kisu, naye hakutaka ukumbusho huo uzunguke mikononi mwa watu. Mwaka 10 alitangaza mfumo wa fedha wa aina 28 kwa pamoja, wenye dhahabu, fedha, magamba ya kasa, kauri na shaba, na biashara ikavurugika kabisa. Aliuawa ndani ya jumba lake mwaka 23, na mwaka 40 mfalme Guangwu wa Han akairudisha wuzhu.

La kusikitisha ni kwamba mtawala huyu aliyeharibu fedha ya nchi alitoa sarafu zenye mwandiko mzuri kuliko nyingi zilizotangulia, mistari myembamba yenye nafasi zilizopimwa kwa uangalifu, na ndiyo maana wakusanyaji wamezitamani kwa karne nyingi na waghushi wamezifuata. Katika kisu cha kweli zile herufi mbili zimezama ndani ya shaba, dhahabu imejazwa kwenye mfereji na kusuguliwa hadi ikawa sawasawa na uso. Katika picha yako dhahabu imekaa juu, kwenye herufi zilizoinuka, nayo imechuruzika kando. Hiyo ni rangi. Pia sarafu adimu kiasi hicho haikai kwenye sinia la mchuuzi kwa bei uliyolipa.

Sarafu yako ya Tang, ya gramu 4.1 na milimita 25, ni kaiyuan tongbao, na ni vyema kila mkusanyaji awe nayo mapema, kwa kuwa ndiyo iliyoweka mtindo wa miaka 1,300 iliyofuata. Mwaka 621 mfalme Gaozu wa Tang aliacha kuandika uzito kwenye sarafu. Kuanzia hapo sarafu iliitwa tongbao, yaani hazina ipitayo mikononi mwa watu, herufi nne zikiizunguka tundu, na kumi kati yake zilitimiza liang moja. Herufi hizo ziliandikwa na Ouyang Xun, mmoja wa waandishi wakubwa wa hati katika historia ya China. Kwa kuwa ilisubiwa kwa karibu karne tatu, lazima ujifunze kutofautisha za mwanzo na za baadaye: katika za mwanzo, vile vistari vitatu vidogo upande wa kushoto wa herufi tong vimeachana, na katika za baadaye vimeungana kama mstari mmoja unaopinda. Vyako vimeungana. Nyuma pana alama ya mwezi mwandamo, ambayo hadithi za kale husema ni kucha ya malkia iliyogusa nta ya mfano; naona inaelekea zaidi kuwa ilikuwa alama ya karakana ya kufuatilia kazi. Ukibahatika, tafuta ile iliyosubiwa kuanzia mwaka 845, wakati mfalme Wuzong alipofunga mahekalu ya Kibuda kwa maelfu na kengele na sanamu za shaba zikayeyushwa kuwa sarafu. Nyuma yake pana jina la mahali ilikosubiwa. Mahali hapo ni zaidi ya 20, na mojawapo ni Guangzhou, mji unaokwenda kununulia bidhaa.

Sarafu ya Song ndiyo ninayokuomba uishughulikie kuliko zote. Ni yuanfeng tongbao ya mfalme Shenzong, ya kipindi cha utawala wake kilichoitwa Yuanfeng, kati ya mwaka 1078 na 1085, gramu 3.9, iliyoandikwa kwa mwandiko wa muhuri, yaani herufi za kale za kuchongea mihuri. Ni sarafu ya bei rahisi mno, na urahisi huo una sababu kubwa ya kihistoria. Waziri Wang Anshi alikuwa amebadili kodi nyingi, na kazi ya lazima ambayo familia zilikuwa zikiifanyia serikali ikawa inaweza kulipiwa kwa sarafu. Hivyo mkulima wa kijijini alihitaji shaba mkononi kuliko wakati wowote uliotangulia. Karakana zikaongezwa, na mwaka 1080 zilitoa zaidi ya mitungo milioni 5, kila mtungo ukihesabiwa kuwa sarafu 1,000. Hata hivyo watu waliendelea kulalamikia uhaba. Katazo la kusafirisha shaba nje lilikuwa limelegezwa mwaka 1074, na afisa Zhang Fangping alimweleza mfalme kwamba sarafu zilikuwa zikitoka kwa mikokoteni mipakani na kwa shehena za meli bandarini. Hata huo mtungo haukuwa kamili kama jina lake: tangu mwaka 977 serikali yenyewe ilikubali sarafu 77 zihesabiwe kuwa mia. Huko Sichuan, ambako sarafu ilikuwa ya chuma na nzito kubeba, wafanyabiashara walianza kutumia hati za karatasi, na serikali ikazichukua na kuanza kuzitoa yenyewe mwaka 1024.

Kwa mkusanyaji, uzuri wa Song uko kwenye mwandiko. Karakana zilitoa sarafu mbili zenye ukubwa, unene na tundu sawa, maneno yale yale, lakini moja kwa mwandiko wa muhuri na nyingine kwa mwandiko wa kawaida au wa haraka. Mfalme Taizong mwenyewe aliandika maneno ya sarafu zake za miaka ya 990 kwa miandiko mitatu. Mfalme Huizong, aliyetawala kuanzia mwaka 1100, aliandika sarafu za Chongning na Daguan, vipindi viwili vya utawala wake, kwa mwandiko wake mwembamba unaofanana na uzi wa dhahabu uliovutwa, na kwangu mimi daguan tongbao kubwa ya thamani ya kumi ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kusubiwa China. Huizong alikuwa msanii mkubwa na mtawala dhaifu. Wajurchen, watu wa kaskazini mashariki, waliuteka mji wake mkuu mwaka 1127, naye akafa mateka huko kaskazini. Katika mwaka ule wa mwisho zilitolewa sarafu chache za kipindi cha Jingkang, ambazo leo ni adimu na za bei kubwa sana, ingawa umri wake ni mdogo kuliko wa yuanfeng yako. Umri haupangi bei. Hupangwa na idadi ya zilizobaki, hali yake, na wingi wa wanaozitaka.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa sisi wa pwani. Sarafu za Song zilisafiri mbali: meli iliyozama Sinan nchini Korea ikitoka China kwenda Japani mwaka 1323 ilikuwa na takriban tani 28 za sarafu. Huku kwetu, katika miaka ya 1940, zaidi ya 170 zilipatikana pamoja Kajengwa, kusini mwa Unguja, nyingi zikiwa za Song. Nchini Kenya, sarafu ya mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, aliyetawala kati ya 1402 na 1424 na kuzituma safari za baharini za amiri Zheng He, ilifukuliwa Mambrui mwaka 2010, na nyingine iliyopatikana kisiwani Manda ikatangazwa mwaka 2013. Wengi huziona sarafu hizi wakadhani tarehe ya sarafu ndiyo tarehe ya meli iliyoileta, nao hukosea, kwa kuwa sarafu za Song zilitumika kwa karne kadhaa baada ya kusubiwa. Katika mtungo mmoja uliozikwa, sarafu iliyo changa kuliko zote ndiyo pekee inayokuambia kwamba ulizikwa baada ya mwaka fulani. Ndiyo sababu sarafu iliyochimbwa kienyeji na kuuzwa imepoteza sehemu kubwa ya maana yake. Ukiletewa iliyookotwa kwenye magofu au ufukweni, usiinunue. Ipelekwe kwa makumbusho au idara ya mambo ya kale, kama sheria za mambo ya kale za Tanzania Bara, za Zanzibar na za Kenya zinavyotaka.

Mbili zilizobaki nitazieleza kwa ufupi. Ya Qing ni qianlong tongbao, ya mfalme aliyetawala kuanzia mwaka 1735 hadi 1796. Ni ya shaba iliyochanganywa na zinki, ndiyo maana ina umanjano, na nyuma ina herufi za Kimanchu zinazotaja karakana ya wizara ya fedha mjini Beijing. Zilisubiwa kwa wingi usiohesabika. Ile ya nne, ya gramu 3, ni kan'ei tsuho ya Japani, aina iliyoanza kutolewa rasmi mwaka 1636. Herufi zake ni za Kichina, na wauzaji wengi huichanganya na za China bila nia mbaya, kama wanavyochanganya sarafu nyembamba za Vietnam.

Kuhusu kutambua bandia, usitegemee dalili moja. Kumbuka jinsi zilivyotengenezwa: sarafu mama ilikandamizwa kwenye mchanga, shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa kupitia mfereji wenye matawi, kisha sarafu zilizokatwa zikatungwa kwenye fimbo ya mraba na kupigwa tupa ukingoni zote pamoja. Kwa hiyo ukingo wa sarafu ya kweli una mikwaruzo ya tupa iliyochakaa, na tundu mara nyingi lina kingo zisizo laini kabisa. Bandia nyingi zimesubiwa kwa kalibu iliyochukuliwa kwenye sarafu halisi, na shaba hunywea ikipoa, hivyo huwa ndogo kidogo na herufi zake zina mashavu ya duara badala ya kingo kali. Wakati mwingine uso umejaa vitundu vya mapovu. Kutu ya kijani ya karne nyingi ni ngumu, imeshikana na shaba, na chini yake mara nyingi kuna tabaka jekundu. Kutu ya dukani hukaa juu kama vumbi lililobandikwa kwa gundi, na pamba yenye asetoni huiondoa. Nunua mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, rula ya kupimia kipenyo na lenzi inayokuza mara kumi, na vitu hivyo vitatu vitakulinda kuliko cheti chochote cha mchuuzi.

Usizisafishe sarafu zako kwa limau, siki wala dawa ya kung'arishia shaba. Kutu iliyotulia ni ngozi yake, na ikishatoka hairudi. Maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi, na kijiti cha mwanzi vinatosha kuondoa udongo. Unachopaswa kukihofia ni unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa shaba unaochochewa na chumvi na unyevu, na hewa ya Dar es Salaam inaupenda. Tenga sarafu iliyougua, uihifadhi ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Epuka pia mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa mafuta yanayoharibu shaba.

Sasa, uanzie wapi? Ningekushauri uache kabisa visu, sepeto na sarafu za Wang Mang kwa miaka ya mwanzo, ujiwekee lengo la Song ya Kaskazini, yaani Song ya kabla ya mji mkuu kutekwa mwaka 1127: sarafu za kawaida za wafalme wake, tangu songyuan tongbao ya mwaka 960, kila jina la kipindi kwa miandiko yake. Anza kwa kuitafutia yuanfeng yako jozi yake ya mwandiko wa haraka. Jifunze herufi zinazorudiwa katika kila sarafu, ambazo ni chache, kisha majina ya vipindi yatakuja yenyewe. Ukimaliza hapo, Song ya Kusini, iliyofuata baada ya hapo, ina zawadi yake: tangu mwaka 1180 sarafu zake ziliandikwa nyuma namba ya mwaka wa kipindi, hivyo unaweza kupanga mfululizo wa mwaka baada ya mwaka kwa karibu karne nzima. Kazi hii ina mizizi mirefu huko kwao. Hong Zun aliandika kitabu cha kuainisha sarafu mwaka 1149, na baadhi ya maswali aliyoyauliza bado tunayauliza.

Kuhusu mahali pa kununua, sina budi kukueleza jambo ambalo huenda wenzako wa safari hawalijui. Kanuni za China zinakataza kutoa nchini mali ya kale iliyotengenezwa mwaka 1911 au kabla ya hapo, na sarafu halisi za kale zimo ndani ya katazo hilo. Maana yake ni kwamba ukinunua Guangzhou, ama umenunua bandia, ama umebeba kitu ambacho forodha inaweza kukuzuilia. Zipo sarafu nyingi za Song zilizotoka China karne nyingi zilizopita, hasa Japani, na nyingine ziko katika makusanyo ya zamani ya Ulaya na Marekani. Hizo huuzwa na wafanyabiashara wa sarafu wanaotoa risiti, maelezo ya zilikotoka, na haki ya kurudisha ikithibitika kuwa ni bandia. Nunua huko, hata kama bei imeongezeka kidogo. Kila sarafu iandikie kadi yake: uzito, kipenyo, mwandiko, uliinunua kwa nani, lini na kwa kiasi gani. Anza leo na hizi nne, na kisu ukiwekee kadi ya rangi tofauti iliyoandikwa waziwazi kuwa ni cha kuiga, ili siku kitakapofika mikononi mwa mwingine asije akauziwa kama cha Wang Mang.